Bomu Ambalo Halikuanguka Mbeya

Kuna habari inayosimuliwa katika shule kadhaa za Mbeya, na nimeikuta hadi Iringa, kwamba mwaka 1917 ndege ya kivita ya Waingereza ilipita juu ya Mbeya ikadondosha bomu, na kwamba kijana wa Kisafwa aliyekuwa akichunga ng'ombe aliyaona hayo kwa macho yake. Habari hiyo ni ya uongo. Najua ni ya uongo kwa sababu niliitunga mimi. Niliiandika kwenye ubao, nikaupigilia ubao ukutani katika chumba cha historia cha shule niliyokuwa nikifundisha, kisha nikasimama kando yake miaka na miaka nikiwaeleza watoto wa watu jambo ambalo halikutokea.

Sikukosea kwa kutojua. Ningekuwa sijui, ningesahihisha, ningeomba radhi, mambo yakaisha. Nilijua, na ndiyo maana nayaita haya maungamo, si masahihisho.

Chumba chenyewe kilianza mwaka 2014, ilipotimia miaka 100 tangu Vita Kuu ya Kwanza ianze. Nilikuwa mwalimu wa historia, na tangu utotoni nilipenda ndege kupita kiasi. Tukapewa stoo iliyokuwa imejaa madawati mabovu. Wanafunzi wakaifagia na kuipaka chokaa, zikapatikana fedha kidogo za kuchapisha picha na kutengeneza mbao za maelezo. Mada niliichagua mwenyewe: mwanzo wa ndege za kivita, na jinsi zilivyoingia katika nchi yetu. Wengi hawajui zilivyowahi kufika. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright waliruka kwa mara ya kwanza huko Marekani Desemba 1903. Haikupita miaka 11, ndege ilikuwa tayari inaruka juu ya mikoko ya Rufiji ikitafuta manowari.

Nitaeleza kwanza yaliyokuwa ya kweli ukutani, kwa sababu uzito wa kosa langu umo humo. Sikukosa cha kusema. Nilikuwa na ukweli wa kujaza chumba kizima.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliivamia meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikaenda kujificha ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa kuwa kina cha maji ni kifupi, na kutoka baharini haikuonekana. Wakamkodi raia mmoja, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, wakamleta hadi kisiwa kidogo cha Nyororo upande wa Mafia. Novemba mwaka huohuo aliiona Königsberg kutoka angani. Mwezi uliofuata injini ilimwangusha, akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Zikaletwa ndege nyingine za majini aina ya Sopwith, lakini joto la pwani liliziweza: gundi iliachia na mbao zikapinda. Mwishowe Waingereza wakafyeka uwanja kisiwani Mafia na kuleta ndege za Henri Farman na Caudron.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walizunguka juu ya delta, wakizielekeza kwa redio meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zipige wapi. Injini yao ikapigwa. Ndege ikiwa inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha, mpaka wakagonga maji. Wote wawili walipona. Siku hiyohiyo nahodha wa Königsberg aliamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake 10 ilitolewa ikapelekwa bara, na kwa sehemu kubwa ya safari zake ilivutwa na mikono ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa.

Huo ulikuwa ukuta wa kwanza. Ukuta wa pili niliugawa sehemu mbili. Upande mmoja niliweka kikosi cha ndege namba 26 cha Waingereza, ambacho askari wake wengi walitoka Afrika Kusini. Kilishuka Mombasa mwanzoni mwa 1916 na kupiga kambi Mbuyuni, kwenye njia ya Taveta. Walikuja na ndege za BE2c, mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukaza, watu wawili wamekaa wazi kwenye upepo. Rubani akitazama chini aliona pori tupu. Askari waliokuwa chini ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, walijua kutulia chini ya miti mpaka mngurumo upite. Upande wa pili niliiweka Kigoma. Wabelgiji walisafirisha ndege za majini aina ya Short kwa meli, kisha kuvuka Kongo nzima, mpaka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na katikati ya 1916 zikadondosha mabomu bandarini Kigoma. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen. Waingereza waliiopoa baada ya vita, na tangu 1927 tunaifahamu kwa jina la Liemba.

Ukuta wa tatu ndio uliowashika wanafunzi kuliko yote, nami niliupenda. Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo cha angani, Zeppelin L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, kije mpaka kusini mwa nchi hii kumpelekea Lettow-Vorbeck risasi, bunduki za rashasha na dawa. Kilibeba tani 15 za shehena na watu 22, chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Hakikutarajiwa kurudi. Kilitayarishwa ili kikishatua kivunjwe chote na kila kipande kipate kazi: kitambaa chake kishonwe mahema na nguo, ngozi ya njia ya kutembelea ndani yake ikatwe viatu. Kiliondoka tarehe 21, kikavuka bahari na jangwa, na kilipokuwa kimeipita Khartoum kwa magharibi kikapokea amri ya kurudi. Kilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757. Tarehe hiyohiyo 25 Novemba Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wanafunzi walisimama mbele ya ramani ile wakifuata mstari kwa vidole, wakiniuliza kama kingefika kingetua wapi.

Ukabaki ukuta wa nne, unaotazamana na mlango. Huo niliutenga kwa ajili ya Mbeya.

Sikuwa na cha kuuwekea. Rufiji ilikuwa na ndege yake, Mafia ilikuwa na zake, Kigoma vilevile. Sisi hatukuwa nazo. Vita katika Nyanda za Juu Kusini ilipiganwa kwa miguu. Kikosi cha Jenerali Edward Northey kilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini Mei 1916, kikaichukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, kikapita Ubena, kikapigana Malangali mwezi Julai, na mwisho wa Agosti kikaingia Iringa. Mbeya haimo katika orodha hiyo kwa sababu rahisi: mji wa Mbeya ulikuwa haupo. Ulianza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa. Mwalimu wa historia wa Mbeya analijua hilo. Mimi nililijua.

Nilichokuwa nacho ni kaseti. Miaka mingi kabla ya chumba kile, nikiwa kijana niliyeanza kazi karibuni, nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akikaa chini ya mlima Loleza. Niliambiwa kwamba aliiona ndege ya kwanza kutua Mbeya. Nilikuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, shuka begani. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama nikiweka kinasa sauti juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa na kumbukumbu safi. Alisema alikuwa mtoto wa kuchunga, na walikatazwa kuwaingiza ng'ombe kwenye uwanja uliofyekwa, lakini majani yake yalikuwa mazuri kuliko ya kwingine. Siku hiyo alisikia mngurumo kutoka upande wa mashariki, ng'ombe wakatawanyika, yeye akalala kifudifudi. Alipoinua kichwa aliiona: injini tatu, moja puani na mbili pembeni. Ikatua. Walishuka Wazungu, na mmoja alikuwa mwanamke mwenye kofia, aliyeishika kwa mikono miwili. Yakashushwa magunia ya barua. Wanaume waliopanga foleni walipokezana madebe ya petroli mpaka kwa mmoja aliyepanda juu ya bawa. Debe moja likamponyoka, likapiga chini kwa kishindo, likapasuka, watoto wote wakakimbia. Baadaye walimwokotea debe jingine tupu akampelekea mama yake, na mama yake alichotea maji debe hilo mpaka likatoboka.

Nani asingefurahi kupewa habari kama hiyo? Na ni habari inayothibitika. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kila wiki kati ya London na Cape Town, na Mbeya ilikuwa moja ya vituo, baada ya Nairobi, Moshi na Dodoma, kabla ya Mpika na Broken Hill. Ndege zilizoanza kazi katika kipande hicho zilikuwa de Havilland Hercules, injini tatu, moja puani na mbili pembeni, kama alivyosema mzee. Safari nzima ilichukua siku zipatazo 11. Mji uliokuwa na umri wa miaka mitano tu ulikuwa ukipokea barua za London kutoka angani. Ilidumu mpaka mwaka 1937 hivi, njia ilipohamishiwa pwani kwa ndege kubwa za majini zilizopita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi.

Lakini mimi sikuitaka hiyo. Nilitaka vita.

Mwaka 2014 mzee alikuwa ameshafariki. Mgeni rasmi alikuwa amepangiwa tarehe, fundi wa mabango alikuwa ananisubiri na rangi yake, na ukuta wa nne ulikuwa mtupu. Usiku nilikaa na ile kaseti na karatasi. Nikaandika kwamba mzee huyu, alipokuwa mtoto mchungaji, aliishuhudia ndege ya kivita ya Waingereza mwaka 1917 ikipita juu ya Mbeya. Ng'ombe wakatawanyika: niliacha. Akalala kifudifudi: niliacha. Mwanamke wa Kizungu na kofia yake nikamfuta. Magunia ya barua nikayafuta. Injini tatu nikazifuta, kwa maana BE2c ilikuwa na moja, na nilijua kuna watu wangehesabu. Kishindo cha debe la petroli nikakigeuza bomu. Maneno mengine ya mzee nikayaweka kama alivyoyatamka, nikayatia alama za kunukuu, na chini yake jina lake kamili. Fundi akaandika kwa herufi nyeupe kwenye ubao mweusi. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alisimama pale kuliko kwingine kote, akasema vijana waone kwamba hata sisi wa nyanda za juu tulikuwemo. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinama nikitabasamu.

Najua nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka mwanafunzi wa Mbeya asijione amezaliwa pembeni ya historia. Ni nia njema. Nimejifariji nayo muda mrefu, na sasa naiweka hapa ili isinifariji tena, kwa kuwa nilipoamua kwamba habari ya kweli ya mzee haitoshi, ni mimi niliyesema Mbeya iko pembeni.

Kisha alikuja binti yake.

Ilikuwa siku ya mahafali, wazazi wanazunguka madarasani. Alikuwa mama wa makamo, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Nilimwona amesimama mbele ya ukuta wa nne, kidole chini ya kila neno, akisoma polepole. Alipofika kwenye jina alirudia kulisoma. Akaniita.

"Mwalimu, huyu ni baba yangu."

Nikamwambia ndiyo, mama, tunamheshimu sana, ametuachia hazina.

"Lakini mwalimu, vita hii baba alikuwa hajazaliwa. Babu ndiye aliyekwenda."

Palikuwa na wazazi wengine wanasikiliza, na wanafunzi wangu wawili waliokuwa zamu ya kuwatembeza wageni. Ningeweza kumwomba tutoke nje. Ningeweza hata kunyamaza. Nilitumia sauti ya darasani. Nikamwambia: "Mama, wazee wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Miaka yao ni ya kukisia tu. Sisi tumefanya utafiti."

Alinitazama. Akasema, "Haya mwalimu. Ninyi ndio mliosoma." Akajifunga kanga vizuri akatoka.

Nimeshasema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio ninaouona mbaya kuliko wote, kwa sababu ulijengwa kwa tofali la kweli. Ni kweli wazee wengi hawakuandikishwa kuzaliwa. Nililichukua pengo hilo, ambalo si kosa lao, nikalitumia kumnyamazisha mtoto asimtetee baba yake. Na wale wanafunzi wawili walijifunza siku ile namna mtu mwenye elimu anavyomshinda asiye nayo.

Baada ya hapo habari ilikwenda bila mimi. Walimu wa shule jirani walipiga picha ubao kwa simu zao. Ikaingia kwenye madaftari, ikaingia kwenye majibu ya mitihani ya ndani, nami niliisahihisha na kuipa alama. Kila nilipoikuta niliweka vema ya wino mwekundu.

Nilifika nayo Iringa. Tulikwenda ziara ya mafunzo na wanafunzi, kama shule nyingi zinavyofanya: Makumbusho ya Boma mjini, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, na makaburi ya vita. Mwenyeji wetu, mwalimu wa huko, alitupokea kwa "kamwene" na bashasha, akawaambia wanafunzi wake kwamba wageni hawa wanatoka mahali palipopigwa bomu la ndege mwaka 1917. Wanafunzi wangu wakafurahi. Nikanyamaza. Nilifika mahali ambapo sikuhitaji hata kusema, uongo ulishapata wasemaji wake.

Tukaingia makaburini. Pametunzwa, majani yamekatwa. Waingereza wana mawe yao, Wajerumani wana yao. Mawe yamechongwa jina, cheo, kikosi, tarehe. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike alitembea mstari hadi mstari na daftari lake, halafu akaja kwangu akauliza bila nia yoyote mbaya: "Mwalimu, waliobeba mizigo wamezikwa wapi?"

Nilimjibu kwa takwimu. Vikosi vilivyoingia nyanda hizi vilikuwa na watu wachache wa kupigana na umati wa wabebaji nyuma yao. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari ya kutosha, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi naye lazima ale, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo anavyokula kile alichokibeba, ndipo atafutwe mpagazi wa kumbebea mpagazi. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia mamia ya maelfu ya watu, na hesabu zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria. Wajerumani hawakuweka hesabu ya wao inayoweza kutegemewa. Hata zile ndege nilizozipamba kwenye kuta zangu ziliruka kwa migongo hiyo. Petroli haikufika uwanjani yenyewe, na kila uwanja ulifyekwa na watu. Majina ya wapagazi hayakuchongwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Msichana aliandika yote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kwetu Mbeya hatumjui hata mmoja?"

Nikasema hatumjui.

Huo nao ulikuwa uongo, na hapa ndipo penye kosa ambalo ubao ule ulikuwa unalifunika. Niliporudi Mbeya nilitafuta betri, nikaisikiliza upya kaseti ya mzee. Mwanzoni kabisa, kabla ya ndege, nilimuuliza kama ile ndege aliiona wakati wa vita ya Mjerumani. Sauti yake iko wazi. Anasema: "Hapana, mjukuu wangu. Vita hiyo mimi sikuwepo duniani. Baba yangu ndiye aliyechukuliwa. Alibeba." Kisha inasikika kubofya kwa kitufe. Halafu inasikika sauti yangu, changa, yenye haraka: "Sasa mzee, tuanze na ndege."

Nilizima mashine. Kaseti zilikuwa za kununua, nami sikutaka kuupoteza utepe kwa mambo ya kubeba. Nakumbuka aliendelea kuzungumza na mimi niliitikia kwa adabu, "ndiyo mzee, ndiyo mzee," huku nikingoja amalize. Alitaja mahali alipochukuliwa baba yake. Alitaja mto. Alitaja watu waliokwenda naye na wakakosekana. Sikumbuki hata moja kati ya hayo. Vita niliyoitafuta mpaka nikaizulia bomu ilikuwa imekaa mbele yangu kwenye kigoda, inasimuliwa na mtoto wa aliyekuwemo, na mimi nilibofya kitufe nikaizima.

Niling'oa ubao. Nilimwambia mkuu wa shule sababu, na niliwaambia wanafunzi wote paredi ya asubuhi, kwa jina la kosa lenyewe: nilidanganya. Baadhi ya walimu wenzangu waliona nimezidisha, kwamba ingetosha kuubadilisha kimyakimya wakati wa likizo. Sikubaliani nao. Uongo uliosemwa kwa kipaza sauti hauwezi kuondolewa kwa bisibisi.

Kwa yule mama nilikwenda nyumbani. Nilimwomba radhi mbele ya kaka zake na wajukuu, kwa kumsingizia baba yake na kwa kumfedhehesha yeye. Hakunirahisishia. Alinyamaza muda, akaniuliza kama kaseti ninayo. Nikampa. Wakaisikiliza wote pale sebuleni, na kile kitufe kilipobofya kaka yake mkubwa alitikisa kichwa tu. Nilipouliza kama kuna lolote wanalolikumbuka juu ya babu yao, mama alisema analijua moja, aliloambiwa na baba yake: babu aliporudi kutoka vitani hakuweka tena mzigo kichwani mpaka anakufa. Kuni hakubeba, mtungi hakubeba. Wanakijiji walimcheka kwamba amekuwa bwana mkubwa. Mkewe alibeba vyote na hakumlaumu. Aliporudi alikuta pia nyumba mbili za ndugu zake zimefungwa, kwa ile homa ya mafua iliyopita mwisho wa vita, mwaka 1918 na 1919.

Jina la babu walinipa. Limeandikwa sasa kwenye ukuta wa nne, kwa ruhusa yao, pamoja na hayo machache. Chini yake ipo habari ya mzee mwenyewe, ya mwaka 1932, yenye injini zote tatu, magunia ya barua, mwanamke mwenye kofia na debe la petroli lililopasuka. Katika makala hii familia imeomba nisiyataje majina, na nimetii.

Kwa walimu wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa: kama kwenye daftari lako au la mwanafunzi wako kuna ndege iliyopiga bomu Mbeya mwaka 1917, ipigie mstari na uandike kwamba aliyeitoa amekiri ni uongo. Kama kuna mwanafunzi niliyempa alama kwa jibu hilo, kosa si lake.

Na kwa yeyote ambaye babu au bibi yake alichukuliwa upagazi katika vita ile, upande wowote, nakuomba uandike jina lake leo, na jina la kijiji alikotoka, hata kama hujui lingine lolote. Usingoje mwenye kinasa sauti. Ukitaka liwekwe ukutani, lilete shuleni au umpe mwanafunzi yeyote wa kwetu. Mpaka ninapoandika haya, jina lililopo ni moja.